UZI: Kufufua dari lililolegea na vifuniko vilivyopauka ndani ya BMW E36. Kinachokufa ni sponji, si gundi

KijanaWaUpanga (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za wakati huu.

Gari ninalolizungumzia ni BMW 318i ya umbo la E36, ya mwaka 1996, milango minne, usukani kulia, ambalo nimekaa nalo Dar es Salaam kwa miaka tisa. Mashine yake sina la kuilalamikia. Kilichokuwa kikinifedhehesha ni ndani. Kitambaa cha dari kilikuwa kimeachia kuanzia kioo cha nyuma hadi juu ya kiti cha dereva, vifuniko vya milango vilikuwa vimebanduka kwenye ukingo wa kioo, droo ya dashibodi upande wa abiria ilikuwa imeinama kama mdomo wa mtu anayesinzia, na ule ubao ulio nyuma ya siti za abiria, unaopokea jua la kioo cha nyuma kutwa nzima, ulikuwa umetoka kwenye weusi ukawa na rangi ya majivu ya kuni. Mama mkwe wangu, ambaye si mtu wa maneno mengi, siku moja aliingia siti ya nyuma akauliza kama nimeanza kufunga chandarua ndani ya gari. Jumamosi iliyofuata nilianza kazi.

Ninaandika kwa urefu kwa sababu nilipotea njia mara mbili kabla ya kufanya kazi iliyosimama, na mara zote mbili nilipotea kwa kuamini kwamba tatizo ni gundi iliyozeeka. Dari la gari la namna hii lina tabaka tatu. Juu kabisa kuna ubao mwepesi uliofinyangwa kufuata mkunjo wa bati la paa. Chini yake kuna sponji nyembamba ya milimita chache. Na mwisho kuna kitambaa tunachokiona, ambacho kimeunganishwa na sponji hiyo tangu kiwandani. Gundi hushika kati ya ubao na sponji. Kitambaa chenyewe hakigusani na ubao mahali popote, hutegemea sponji peke yake kama nguo inavyotegemea kamba.

Sponji hiyo ni ya poliyurethani, jamii ya plastiki ambayo Otto Bayer na wenzake waliivumbua Leverkusen, Ujerumani, mwaka 1937. Ni nyepesi, laini na rahisi kutengeneza, lakini ina maadui wawili, joto na unyevu, na sisi wa pwani tunao wote wawili mwaka mzima. Joto huharakisha kazi ya oksijeni ya kuila, na mvuke wa maji huvunja taratibu vifungo vya kemikali vinavyoipa uimara wake. Baada ya miaka ishirini hivi inabaki unga wa rangi ya kahawia unaonata vidoleni. Ukikibandua kitambaa utakuta ni kizima, ubao ni mzima, na mara nyingi hata gundi ya kiwandani bado imeng'ang'ania ubaoni pamoja na kipande cha sponji. Kilichokufa ni cha katikati.

Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walipima magari yaliyoachwa juani kwa saa moja katika siku za joto kali. Hewa ya ndani ilifikia wastani wa nyuzijoto 47 na dashibodi ikafikia 69. Dar es Salaam haina jua la jangwa la Arizona, lakini bati la paa halina kivuli cha kitu chochote, na dari limelala chini yake sentimita chache tu. Hapo ndipo sponji yetu inapopikwa kila siku tangu saa nne asubuhi.

Kosa langu la kwanza lilikuwa pini. Nilichomeka pini za kusokota, zile zenye kichwa cha plastiki, mstari kwa mstari, na kwa wiki kadhaa dari lilifanana na godoro la kushonwa kwa mkono. Kisha kitambaa kikaanza kuning'inia katikati ya pini na pini, na kila gari lilipopita kwenye tuta, unga wa kahawia ulitudondokea mabegani. Kosa la pili ni kwamba nilimkubalia fundi mmoja wa mtaani aliyesema atapenyeza gundi kwa sindano bila kufungua kitu. Gundi ilishika unga, unga haukushika kitu, na pale ilipozidi ilipenya hadi upande wa pili ikaacha mabaka magumu kama mba. Kitambaa hicho hakikufaa tena hata kuwa kielelezo cha rangi.

Nitaendelea jioni na jinsi nilivyolitoa dari.

Likoni_Ferry

Asante kwa uzi, mkuu. Kabla hujaendelea, naomba nipingane nawe kidogo. Hapa Mombasa nimeona magari mengi yakirudishiwa kitambaa kilekile cha zamani kwa gundi ya viatu, na yanatembea. Je, kuna haja ya kununua kitambaa kipya ikiwa, kwa maneno yako mwenyewe, kitambaa ni kizima?

Fundi_Makochi_Tanga

Naomba nijibu hilo, kwa kuwa ni kazi ambayo nimeifanya tangu enzi za Peugeot 504.

Mwanangu, kitambaa kinaweza kuwa kizima na bado kisifae. Ukikisugua sponji yote ikatoka, unabaki na kitambaa chembamba kisicho na mto nyuma yake, na ukikigandisha hivyo ubaoni, kila kovu la ubao litaonekana, na gundi itapenya ijitokeze kama jasho. Usipokisugua, unagandisha juu ya unga. Hayo magari unayoyaona yanatembea, yarudie baada ya kiangazi kimoja.

Kuhusu gundi ya viatu, mimi siikatai kwa jina lake. Nasema soma kopo. Gundi inayoeleza joto inalostahimili, na ikafika nyuzijoto 80 au zaidi, inaweza kukaa darini. Isiyosema, mpelekee fundi viatu, maana kiatu hakiegeshwi juani juu ya paa. Taabu nyingine ni namna ya kuipaka. Gundi ya brashi hukaa nene sehemu moja na nyembamba sehemu nyingine, na sponji ya milimita tatu huilewa mara moja ikawa ngumu. Ya kupulizia husambaa sawasawa. Kama huna ya kopo la kupulizia, tafuta fundi mwenye kompresa akupulizie kwa bunduki, utaona tofauti.

KijanaWaUpanga

Shikamoo mzee wangu, na asante. Umenifupishia maelezo.

Kutoa dari. Nilianza kwa kuondoa vizuia jua, vishikio vya abiria vya juu ya milango na taa ya ndani, kisha vifuniko vya nguzo zote, za mbele, za kati na za nyuma. Vifuniko vya nguzo za kati vimepitiwa na mikanda ya usalama, kwa hiyo boliti za juu za mikanda lazima zifunguliwe, na wakati wa kurudisha zikazwe kikamilifu kwa spana, kwa kuwa boliti hiyo ndiyo inayobeba uhai wa mtu siku ya ajali. E36 haina mifuko ya hewa iliyofichwa kwenye kingo za paa. Ninalisema hili kwa sababu wapo watakaosoma uzi huu wakiwa na magari ya miaka ya 2000 yenye mifuko hiyo. Kwenye magari hayo, toa waya wa betri, subiri kwa muda ulioelezwa kwenye kitabu cha gari kabla ya kugusa nguzo, na usipachike wala kugandisha kitu chochote mahali mfuko unapopaswa kufungukia. Asiye na uhakika asiguse.

Mpira wa kuzunguka milango ukishavutwa chini, dari linabaki limeshikiliwa na kingo zake tu. Nililaza viti vya mbele kabisa, nikamwomba jirani ashike upande mmoja, tukalitoa kupitia mlangoni kwa mwendo wa mtu anayebeba kioo. Ubao huo ukikunjika katikati, mkunjo wake utauona siku zote hata uweke kitambaa cha bei gani. Mimi niliuvunja kidogo kwenye kona moja. Nilipaka gundi nyeupe ya mbao, nikabandika kipande cha pamba nyembamba kwa nyuma, nikaacha usiku kucha.

Sasa kazi yenyewe. Katika siku tatu nilizotumia, siku moja na nusu ilikwisha kwenye kusafisha ubao tu, na kama ningeirudia leo ningeipa siku mbili. Tumia brashi ngumu ya nailoni, usitumie ya waya, kwa kuwa waya hurarua uso wa ubao na kuacha vishimo ambavyo baadaye vitaonekana kama tetekuwanga. Sugua kwa mwelekeo mmoja, piga upepo au tumia mashine ya kufyonza vumbi, kisha pitisha kiganja. Kiganja kikitoka na unga, rudia. Kiganja kikitoka kisafi, rudia mara moja zaidi. Vaa barakoa, nguo za mikono mirefu na miwani, kwa sababu mbao nyingi za namna hii zimechanganywa na nyuzi za kioo, na nyuzi hizo zikiingia kwenye ngozi utajikuna hadi kesho kutwa. Mimi nilivaa fulana. Msinifuate.

BintiMeru

Habari zenu. Gari langu ni la umbo hilohilo lakini lina dirisha la juu, na dari limeanza kuachia likiwa na mzunguko wa maji wa rangi ya chai karibu na kona ya mbele. Hapa Arusha hatuna joto lenu. Je, na hilo ni sponji iliyokufa kwa uzee, au nitafute sababu nyingine?

Fundi_Makochi_Tanga

Tafuta maji kwanza, binti yangu, kitambaa baadaye.

Dirisha la juu halizuii maji yote, wala halikukusudiwa kuyazuia. Maji yanayopita kwenye mpira huingia kwenye mfereji unaolizunguka, na kutoka hapo hushuka kwa mirija myembamba inayopita ndani ya nguzo hadi nje ya gari. Majani na vumbi vikiziba mrija, mfereji hujaa na maji humwagika darini. Fungua dirisha, mwaga maji kidogo sana kwenye kona ya mfereji na utazame kama yanatoka chini ya gari. Yasipotoka, penyeza uzi mnene wa nailoni kama ule wa mashine ya kukatia majani, taratibu. Usitumie waya, na usipulize upepo wa kompresa kwa nguvu, kwa sababu mrija ukichomoka ndani ya nguzo utakuwa umehamisha mafuriko kutoka darini kwenda miguuni.

Ukibadilisha kitambaa kabla ya kuzibua mirija, mvua za masika zitakurudisha kwangu.

KijanaWaUpanga

Naongeza kwa dada yetu wa Arusha kwamba hata rangi ya unga inaweza kumsaidia. Kwangu ulikuwa mkavu na ulikuwa sawa dari zima. Ukikuta sehemu moja ni uji unaonata na nyingine bado ina sponji yenye uhai, basi maji yana mkono wake hapo.

Kubandika. Nilinunua mita mbili za kitambaa cha dari chenye upana wa mita moja na nusu, kilichogandishwa sponji ya milimita tatu nyuma yake. Muuzaji wa kwanza alitaka kuniuzia kitambaa cha makochi chenye sura inayofanana, akaniambia sponji nitaibandika mwenyewe. Kataeni. Kitambaa cha dari hunyumbulika pande zote, ndiyo maana kinaweza kuingia kwenye mashimo ya vizuia jua na mikunjo ya kando. Cha makochi kinanyumbulika kidogo au hakinyumbuliki kabisa, na kitajikunja kwenye kila kona.

Nililaza ubao kwenye meza mbili chini ya mwembe, asubuhi kabla ya upepo. Nilipuliza gundi mara ya kwanza ubaoni peke yake, kwa sababu ubao mkavu huinywa, nikaiacha ikauke. Mara ya pili nilipuliza ubaoni na kwenye sponji, nikasubiri hadi kidole kikigusa kinahisi unato lakini hakitoki na gundi. Hapa ndipo haraka inapoharibu kazi: ukibandika gundi ikiwa mbichi, kimiminika chake hubaki kimenaswa ndani, hulainisha sponji mpya, na wiki mbili baadaye utaona vipele. Mvuke wa gundi hizi unashika moto kwa urahisi, kwa hiyo jiko la mkaa la jirani, sigara na mashine ya kuchomelea viwe mbali, na asiyefanyia kazi hiyo nje afungue milango na madirisha yote.

Nilikunja kitambaa katikati, nikaanza na nusu ya mbele. Unashusha kidogo kidogo ukikandamiza kwa kiganja kilicho wazi, kutoka katikati kwenda pembeni. Kwenye mabonde unasukuma kitambaa kiingie chini kwanza ndipo uendelee. Usikivute kutoka pembeni ili kinyooke, kwa sababu kitambaa kilichovutwa juu ya bonde kitakuwa kinaivuta gundi usiku na mchana hadi kishinde. Nilibakiza sentimita tano kuzunguka, nikazikunjia nyuma na kuzigandisha. Matundu ya vishikio na taa sikuyakata hadi siku ya pili, na niliyakata madogo kwa alama ya msalaba, maana tundu kubwa haliwezi kupunguzwa.

Muscat_Mswahili

Kutoka Muscat, nawasalimu. Huku kiangazi hupita nyuzijoto 40 kivulini, na naweza kuthibitisha anachokisema mzee wa Tanga kuhusu kusoma kopo. Ninachotaka kuuliza ni upande wa rangi. Dari nimelishughulikia, lakini siti za kitambaa, kapeti ya nyuma na nguzo zimepauka vibaya. Mke wangu alishauri tutumie rangi ya batiki kama ile anayotumiwa kutoka Zanzibar. Je, kuna aliyejaribu?

KijanaWaUpanga

Mimi sikujaribu, lakini nilikaribia, na aliyenizuia ni muuza rangi mwenyewe. Rangi za batiki zimekusudiwa pamba. Kitambaa cha siti za magari mengi ya miaka hiyo ni poliesta, na poliesta haipokei rangi ya pamba. Viwandani hutiwa rangi za aina yake ndani ya mitungi ya shinikizo kwa joto la karibu nyuzijoto 130, kitu ambacho hakuna sufuria ya nyumbani itakayokifanya, achilia mbali kiti kilichofungwa garini. Rangi ya batiki itakaa juu juu, itaonekana vizuri siku mbili, na siku ya tatu itakuwa kwenye kanzu ya mgeni wako.

Zipo rangi za kupulizia zilizotengenezwa mahususi kwa vitambaa na kapeti za magari, ambazo kwa kweli ni rangi nyepesi sana zenye kunyumbulika na si rangi za kuloweka. Kwenye kapeti na kwenye ubao wa nyuma zinafaa. Kwenye kiti kinachokaliwa kila siku mimi sizipendi, kwa sababu hufanya kitambaa kiwe kigumu na husuguka. Na lielewekeni jambo moja: rangi hupeleka kitu kwenye giza tu. Kijivu kinaweza kuwa cheusi, lakini cheusi hakirudi kuwa kijivu.

Lakini kabla ya yote, safisha. Chukua kitambaa cheupe, maji ya uvuguvugu na sabuni ya maji kidogo, sugua sehemu moja ya ukubwa wa kiganja, kausha, ulinganishe. Nilidhani nguzo zangu za nyuma zimepauka. Nusu ya mpauko ule ilikuwa vumbi, jasho la mikono na mafuta ya silikoni ambayo vijana wa kuosha magari wamekuwa wakiyapaka kwa miaka.

Nililazimika kupigana na hayo mafuta ya silikoni kwenye ubao wa nyuma na kwenye vifuniko vya plastiki vya nguzo. Yanang'arisha kwa siku chache, yanakusanya vumbi, yanaakisi mwanga wa jua kwenye kioo cha mbele, na ubaya wake mkubwa ni kwamba rangi haikubali kukaa juu yake: unapuliza, nayo inakimbia na kuacha macho ya samaki. Niliosha kwa sabuni mara tatu, nikafuta kwa spiriti, nikabadilisha kitambaa kila mara ili nisiwe nahamisha mafuta kutoka mahali hadi mahali. Thina sikuitumia, kwa sababu plastiki nyingi za ndani huyeyuka usoni zikiguswa nayo. Kisha nilipuliza tabaka la kushikisha rangi, na baada ya hapo rangi ya plastiki isiyong'aa, mara nne, kila mara nyepesi kama pumzi. Anayetaka kumaliza kwa mara moja atafukia ule mkwaruzo mdogo wa kiwandani unaoifanya plastiki ifanane na ngozi, na kifuniko kitakuwa kama sahani.

Likoni_Ferry

Nimesalimu amri kuhusu kitambaa cha zamani. Swali lingine: kwa nini milango na nguzo za nyuma hupauka kuliko vitu vilivyo karibu na kioo cha mbele? Kwa akili ya kawaida dashibodi ndiyo ingetangulia.

KijanaWaUpanga

Vioo vyenyewe havifanani. Kioo cha mbele kina tabaka mbili zenye utando wa plastiki katikati, na utando huo huzuia sehemu kubwa ya miale ya urujuanimno. Vioo vya pembeni kwa kawaida ni tabaka moja tu la kioo kilichoimarishwa kwa joto. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2016, uliopima magari 29, ulikuta vioo vya mbele vikizuia wastani wa asilimia 96 ya miale ya urujuanimno ya kundi A, na vioo vya pembeni asilimia 71 tu, tena kwa tofauti kubwa kati ya gari na gari. Dashibodi inaumizwa zaidi na joto, ndiyo maana hupasuka. Milango inaumizwa na vyote viwili.

Na hapo naingia kwenye milango, ambayo kwa E36 ina siri yake. Kifuniko cha mlango ni ubao uliofunikwa kitambaa na ngozi bandia. Joto la kioo hulegeza gundi kwenye ukingo wa juu, nayo ngozi hujikunja kurudi chini. Wengi hugandisha ukingo huo bila kutoa kifuniko, na mimi nisingewalaumu kama tatizo lingekuwa joto peke yake. Mlango wangu wa nyuma kushoto, nilipoufungua, ubao wake ulikuwa umevimba chini kama mkate uliolowa chai. Nyuma ya kifuniko kuna utando unaotenganisha upande wenye maji na upande mkavu, kwa kuwa maji ya mvua hupita kandokando ya kioo na kuingia ndani ya mlango kila siku, kisha hutoka kwa matundu ya chini. Utando huo umegandishwa kwa mpira mweusi unaonata kama lami. Kuna mtu, pengine aliyekuwa akitengeneza mashine ya kioo miaka mingi iliyopita, aliuchana na kuurudisha bila kuugandisha. Maji yakawa yanaingia kwenye ubao, na mengine kwenye kapeti ya nyuma. Harufu ya uvundo niliyokuwa nikiilaumu kiyoyozi ilitoka hapo.

Basi nilizibua matundu ya chini ya mlango, nikaukausha ubao juani ukiwa umebanwa kati ya mbao mbili ili unyooke, nikaupaka gundi ya mbao iliyozimuliwa ili uwe mgumu, na utando nikaugandisha upya kwa mpira mpya wa aina ileile kuzunguka wote. Ndipo nikarudisha ngozi bandia ukingoni, nikaibana kwa vibanio vya nguo vya mbao kwa saa 24. Nunueni klipu za plastiki za milango mapema, kwa kuwa za zamani zitavunjika hata mkiwa na mikono ya mkunga.

Fundi_Makochi_Tanga

Kazi nzuri, ila nina neno moja. Ulisema umepaka gundi ya mbao iliyozimuliwa. Gundi nyeupe ya kawaida hulainika ikilowa tena. Utando ukishika vizuri hutaona tatizo, lakini ningekuwa mimi, ningekata ubao mpya kwa hadibodi kwa kufuata ule wa zamani, nikaupaka vanishi pande zote mbili na kwenye kingo, hasa kingo, kabla ya kuufunika. Kipande cha mlango mmoja si ghali kuliko kuufungua mara ya pili.

KijanaWaUpanga

Nimekubali, mzee. Mlango huo nitaurudia kwa hadibodi.

Droo ya dashibodi nilikuwa nimeiahidi, nayo ni fupi. Inainama kwa sababu riveti za bawaba zake zimeshika plastiki nyembamba, na uzito wa vitabu, tochi na kila tunachokitupa humo huipinda taratibu. Nilitoboa riveti, nikaweka boliti ndogo zenye washa pana na kipande cha bati kwa nyuma ili nguvu isambae. Imenyooka. Sasa haiwekwi kitu kizito kuliko leseni na kadi ya gari.

KijanaWaUpanga (miezi saba baadaye)

Wakuu, nimeulizwa kwa ujumbe binafsi mara kadhaa kama dari bado limesimama. Limevuka Desemba hadi Machi likiegeshwa juani kila siku ya kazi, na limeshika, isipokuwa kona moja ya nyuma kulia, ambako limeachia kipande cha ukubwa wa kadi ya simu. Naikumbuka kona hiyo vizuri. Ni mahali pekee nilipochoka na kuvuta kitambaa kutoka pembeni badala ya kukisukuma kiingie bondeni. Nilitoa kifuniko cha nguzo ya nyuma, nikakibandua kitambaa hadi kilipolegea chenyewe, nikapuliza gundi kidogo pande zote mbili kwa kutumia karatasi yenye tundu ili isisambae, nikasubiri, nikasukuma. Ilichukua saa moja, na nusu ya muda huo ilikuwa kuitafuta klipu iliyoanguka chini ya siti.

Ubao wa nyuma umeanza kupoteza weusi kidogo upande unaopigwa na jua la alasiri. Nimeukatia kapeti nyeusi ya kuutandika juu, inayotolewa na kufuliwa, na rangi nimeiacha ilivyo.